Mjomba, ninunue bastola na gari la umeme?



*Mimi ni kijana wa miaka 33, nina mke na mtoto wa kiume wa miaka mitano, na wa pili yuko njiani. Tunaishi Mbezi, nyumba ya kupanga, wapangaji wanne uwanja mmoja na LUKU moja. Nina fremu mbili za uwakala wa pesa za simu na benki, moja Kimara na nyingine Manzese. Ile ya Kimara ina mita yake na uwanja mdogo nyuma. Kwa siku nazunguka kama kilomita 70 na IST yangu, na petroli inanimaliza.*

*Mwezi uliopita wakala jirani yangu wa Manzese alivamiwa akifunga saa tatu usiku. Vijana wawili wa pikipiki walimkata panga la mkono wakaondoka na mkoba. Tangu siku ile silali vizuri, maana mimi nafunga saa ileile na mkoba ninao.*

*Nina rafiki yuko Houston, Marekani. Ananitumia video za bastola mpya: kuna ndogo ya mfukoni inayobeba risasi kumi, kuna zenye nukta nyekundu ya kulengea, kuna inayofunguka kwa alama ya kidole. Anasema anaweza kunitumia moja vipande vipande ndani ya kontena la mizigo yake. Pia nimeona Nissan Leaf ya umeme ya mwaka 2013 kwa wauzaji wa Japani, bei nafuu. Mchana nitaitumia mimi, usiku nitampa dereva apige Bolt. Nina akiba ya milioni 30. Mke wangu sijamwambia habari ya bastola, ataogopa. Nianze na lipi?*

*J.M., Dar es Salaam*

Mpwa wangu J. Barua yako nimeisoma taratibu, na nakuomba na wewe unisome taratibu, hasa pale nitakapokuwa mkali.

Hofu yako naielewa

Mtu aliyeona damu ya jirani yake kwenye kizingiti cha duka halaumiwi kwa kufikiria silaha. Wala mwenye kuchoma petroli kila siku Morogoro Road halaumiwi kwa kutamani gari lisilopita sheli. Umefanya kazi, umeweka akiba, unataka kulinda familia. Kijana mwenye nia mbaya haandiki barua kuomba ushauri.

Umeniletea maswali mawili, na yote nitayapima kwa swali moja: kitu hiki kitalala wapi? Mchana kila kitu kipya kinapendeza. Usiku, ukishafunga mlango, ndipo unapojua kama ulinunua mali au ulinunua mzigo. Nitaanza na bastola, kwa sababu hiyo haina muda wa kujifunzia.

Upya wa hizo bastola

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Video za rafiki yako zimetengenezwa zikutamanishe, lakini ukizivua ganda utakuta bastola nyingi zinazoitwa mpya ni watoto wa mzee mmoja wa Austria. Mwaka 1982 jeshi la nchi hiyo lilichagua bastola ya Gaston Glock, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwa mtengenezaji wa bunduki. Fremu aliifanya ya plastiki ngumu, ikawa nyepesi, na magazini ikabeba risasi 17. Kampuni nyingi zikamfuata. Na ile namna mtutu unavyoinama kidogo risasi ikishatoka, ili ganda litoke na risasi nyingine ipande, ni ufundi wa Mmarekani John Browning, aliyefariki mwaka 1926.

Yapo mabadiliko ya kweli, sikatai. Mwaka 2018 SIG Sauer walitoa P365, ndogo kabisa, lakini magazini yake ina risasi 10 wakati ndogo wenzake wengi walikuwa na sita au saba. Wengine wakaiga. Ile nukta nyekundu nayo ni lenzi ndogo inayofungwa juu, inamrahisishia kulenga mtu aliyefanya mazoezi. Kuhusu inayotambua kidole, mwaka 2023 kampuni ya Biofire ya Colorado ilitangaza bastola inayomtambua mwenyewe kwa kidole na kwa sura. Ni wazo zuri kwa mwenye watoto. Ila kabla yake Wajerumani wa Armatix walikuwa na yao, iliyofunguka kwa saa ya mkononi, na mwaka 2017 mtaalamu mmoja alionyesha hadharani kwamba sumaku za bei ya chini zinaifanya ilie bila hiyo saa.

Sasa sikiliza lile ambalo video haisemi. Nyingi ya bastola hizi za kizazi cha Glock hazina kitufe cha nje cha kufungia. Usalama wake umo kwenye kifyatulio chenyewe: ukivuta, inalia. Nguvu inayotakiwa ni kama kilo mbili na nusu. Utasema mtoto wa miaka mitano hana nguvu hiyo kwenye kidole. Kweli, lakini mtoto havuti kwa kidole. Anaigeuza, anaukumbatia mpini kwa viganja vyote, kisha anasukuma kwa vidole gumba viwili. Ishike kalamu namna hiyo uone mtutu unamtazama nani.

Hata watengenezaji wakubwa zimewasumbua. Jeshi la Marekani liliichagua SIG P320 mwaka 2017, na mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuzirekebisha bure zile za raia, baada ya kuonekana kwamba baadhi hufyatuka zikianguka vibaya. Hao ni watu wenye maghala, walinzi na mafundi. Wewe una chumba na sebule.

Italala wapi?

Juu ya kabati? Chini ya godoro? Kwenye droo? Mtoto wa umri huo anajua kila kona ya chumba kuliko baba yake, na kiti cha kupandia anakijua pia. Ukiniambia utanunua sanduku la chuma ulifunge kwa bolti ukutani, nitakupongeza, kisha nitakuuliza mwenye nyumba atakuruhusu lini kutoboa ukuta, na wapangaji watatu wakisikia mashine ya kutobolea watajiuliza nini.

Tuseme sanduku limefungwa. Bastola iliyo salama kwa mtoto iko mbali na mkono wako. Iliyo karibu na mkono wako iko karibu na mtoto. Hakuna kampuni iliyolimaliza hilo, si ya Austria wala ya Colorado.

Tuende Manzese, saa tatu usiku. Unafunga fremu. Mkono mmoja una kufuli, mwingine una mkoba. Wavamizi ni wawili, pikipiki inanguruma, panga limeshatoka. Bastola utaitoa kwa mkono gani? Nyuma yao kuna mama lishe anaosha masufuria, kuna watu wanasubiri daladala. Risasi iliyomkosa mwizi haipotei hewani, na familia ya yule itakayempata haitataka kujua kwamba ulikuwa unajihami. Halafu mtaa una masikio. Wakijua wakala fulani ana chuma kiunoni, watakaofuata watakuja kukitafuta hicho chuma, na hawatakuja na panga.

Kuhusu lile kontena

Hapa nanyanyua sauti, mpwa wangu.

Njia ya halali ipo. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Umri unaotakiwa ni miaka 25 na kuendelea, nawe umeuvuka. Unaanzia serikali yako ya mtaa, unapanda hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama, unachunguzwa mwenendo na unaeleza sababu yako. Inachosha, na inatakiwa ichoshe. Ukiamua kuipitia njia hiyo, sitakubariki, lakini sitakuita mhalifu.

Ya rafiki yako ni habari nyingine. Kwa Marekani, kusafirisha silaha au vipande vyake nje ya nchi bila kibali ni kosa la serikali kuu yao, na adhabu inaweza kufika miaka 20 jela. Kwa hapa, kukutwa na silaha bila leseni kunaingia kwenye makosa ya uhujumu uchumi, na kifungo chake nacho kinahesabiwa kwa makumi ya miaka. Kuigawa vipande hakuifanyi kuwa vipuri vya friji. Bandarini kuna mashine za kuonea ndani ya makontena, na chuma cha mtutu kina umbo lake.

Fikiria pia atakayebaki akitafutwa. Rafiki yako yuko Houston. Karatasi za kupokea mzigo zina jina la mtu wa Dar es Salaam. Mtoto wako wa pili atazaliwa, atamaliza shule ya msingi na kidato cha nne, wewe unaletewa picha zake gerezani Ukonga. Naongea kwa ukali kwa sababu mara nyingi jambo kama hili huanza kama utani kwenye simu, kisha mwenzako anatuma kweli, na huwezi kumwambia mtu wa forodha kwamba ulikuwa unatania.

Ugonjwa ni mkoba

Waliomvamia jirani yako hawakumfuata yeye. Walifuata keshi, na walijua saa. Ukiondoa keshi na ukavuruga saa, umeondoa kilichowaleta.

Wewe ni wakala, kazi yako yote ni kugeuza keshi kuwa floti na floti kuwa keshi. Kwa nini basi usiku unabeba keshi? Kuanzia saa tisa alasiri anza kupunguza: peleka benki kabla hawajafunga, au mpelekee wakala mkuu akurudishie floti. Mawakala wenzako wanaokaukiwa keshi jioni wapo, wauzie. Fremu ya Manzese ifungwe saa kumi na mbili na nusu hivi kukiwa bado na watu, hata kama unapoteza wateja wa usiku. Kamisheni ya saa hizo mbili na nusu piga mwenyewe hesabu uone kama inalipa mshono mmoja wa Muhimbili. Usifunge saa ileile kila siku, usipite njia ileile, na usiwe peke yako. Zungumza na mawakala wa mtaa mfunge pamoja. Uliza kampuni za bima kuhusu bima ya fedha zilizo njiani na dukani. Mkaguzi wa polisi wa kata yako mtafute umjue kwa jina, naye ayajue maduka yenu.

Haya hayana video ya kuvutia, najua.

Sasa gari

Hapa uso wangu unakunjuka. Gari la umeme kwa mtu wa mizunguko ya mjini, anayerudi palepale kila jioni, ni jambo la maana kabisa. Wasiofaidika nalo ni wa safari ndefu za kubahatisha, nawe si mmoja wao. Ukitaka kwenda Morogoro au Dodoma, tangu mwaka 2024 kuna treni ya SGR, nayo inakwenda kwa umeme huohuo.

Tupige hesabu kwa shilingi. Leaf kwenye foleni za Dar, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, iwekee uniti 18 kwa kilomita 100. Ukinunua umeme wa elfu kumi kwa matumizi ya kawaida, unapata kama uniti 28, yaani shilingi 357 hivi kwa uniti. Kilomita 100 zitakugharimu kama shilingi 6,400. IST yako, kwa lita moja kilomita 12 za mjini na petroli tukiiwekea shilingi 3,000 kwa lita, inakula shilingi 25,000 kwa mwendo uleule. Kwa kilomita 70 kwa siku, siku 26 za kazi, unaokoa kama shilingi 338,000 kwa mwezi, karibu milioni nne kwa mwaka. Hakuna kubadilisha oili ya injini, hakuna plagi za kuwashia, na breki hudumu zaidi kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kidogo kwenye betri.

Habari ya mgao iliwatia watu hofu sana mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Tangu hapo bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilisha mitambo yake tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Uwezo wa kuzalisha upo. Kinachokatika sasa mara nyingi ni nguzo na transfoma ya mtaani kwako, kwa hiyo usiwe mtu wa kuacha chaji iishe kabisa ndipo ukumbuke.

Soketi ni ya nani?

Swali letu limerudi. Hilo gari litalala wapi, na litakula kwenye LUKU ya nani?

Kwa kilomita 70 kwa siku litataka uniti 12 hadi 13 kila usiku, zaidi ya uniti 320 kwa mwezi. Mnashea LUKU wapangaji wanne. Leo mnagombana nani ameacha friji wazi. Kesho asubuhi mama wa chumba cha pili ataamka akute uniti zimeteremka kwa kumi na tatu. Huo ugomvi siku ya tatu utafika kwa mjumbe. Kama utachaji Mbezi, ni lazima mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na uwekewe mita ndogo yako inayosoma umeme wa gari peke yake.

Halafu kuna waya. Kwa soketi ya kawaida gari huvuta kama kilowati 2.3, sawa na pasi mbili zilizowashwa pamoja, tena si kwa dakika kumi za kunyoosha shati, ni saa sita mfululizo. Soketi nyingi za nyumba za kupanga hazikufungwa kwa kazi hiyo. Ekstensheni ya dukani ndiyo kabisa. Inaanza kupata joto, plastiki inalainika, na nyinyi mmelala. Mwite fundi mwenye leseni avute laini ya peke yake kutoka mein swichi, waya wa milimita 4 za mraba au zaidi, sakiti breka yake na ethi iliyopimwa. Siku za kwanza amka katikati ya usiku uguse plagi. Ikiwa moto, chomoa.

Ila wewe mwenyewe umeandika jambo ambalo nadhani hukuliona. Fremu yako ya Kimara ina mita yake na uwanja nyuma. Gari likifika pale saa tatu asubuhi na kuondoka jioni, linakuwa limekula mlo wake wote mchana, kwenye mita yako, ukiliona kwa macho. Nyumbani likalale tu. Ukiwa na mizunguko ya mchana, gawa muda wa kuchaji mara mbili, saa tatu kila mara. Nakushauri uanzie hapo, Mbezi iwe akiba.

Hiyo ya 2013 achana nayo

Bei yake inavutia kwa sababu ugonjwa wake umejificha. Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, zilikuja na betri ya kilowati-saa 24. Ikiwa mpya kabisa, kipimo cha serikali ya Marekani cha mwaka 2011 kiliipa kilomita 117. Na betri ya Leaf hizo haina mfumo wa maji wa kuipooza. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, jangwani, walianza kulalamika kwamba betri zinachoka mapema. Yako ina miaka zaidi ya kumi, na Februari ya Dar unaijua. Ikikupa kilomita 80 shukuru, nawe unataka 70 ukiwa na foleni na kiyoyozi. Utakuwa unaendesha ukitazama kioo cha betri kuliko barabara, na siku ikikuzimikia usiku Manzese ukiwa na mkoba, ndipo utakumbuka kwamba mambo yako mawili ni jambo moja. Isitoshe, gari lililozidi miaka kumi linapigwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Ule unafuu wa Japani unaishia bandarini.

Tafuta toleo la pili, lililoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017, lenye kilowati-saa 40. Jipya lilipimwa kilomita 240 hivi. Hata likiwa limechoka, siku yako nzima linaimeza na kubakiza. Kabla hujatuma hata senti, liingize kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika ujue kodi yake yote. Jumla isipozidi milioni 26, tuendelee. Ikizidi, subiri.

Kisha dai betri ionyeshwe. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna mistari 12 midogo inayoonyesha afya ya betri. Mstari wa kwanza ukipotea, betri imeshapoteza karibu asilimia 15, na kila unaofuata ni kama asilimia sita. Usikubali chini ya kumi. Wala usiishie hapo, kwa sababu kuna wauzaji wanaoufuta mfumo kumbukumbu ili mistari irudi kumi na mbili, ukiendesha wiki kadhaa inaanza kudondoka mmoja mmoja. Mtu wako aliyeko Japani achomeke kisomeo kidogo cha OBD na kufungua programu ya LeafSpy kwenye simu, akupigie picha ya asilimia ya afya ya betri na idadi ya chaji za haraka. Muuzaji anayekataa jambo hilo la dakika tano ameshakujibu.

Mengine madogo. Magari mengi hufika bila waya wa kuchajia, na ule wa Japani ni wa volti 200 wenye plagi isiyo yetu. Nunua wa volti 230 wa pini tatu. Tundu la chaji ya haraka la Leaf hiyo ni la mtindo wa CHAdeMO, magari mengi ya Wachina hutumia mtindo mwingine, na vituo vya umma bado vichache, kwa hiyo usinunue gari kwa kutegemea kituo cha mtu. Likigoma kuwaka asubuhi huku betri kubwa imejaa, mara nyingi ni ile betri ndogo ya volti 12 ya kawaida imekufa, usidanganywe kwamba gari limeisha. Na waambie mafundi wako wa mtaani wasiguse nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti. Zina umeme wa kuua. Masika nayo ikija, usiliingize kwenye maji ambayo huoni chini yake. Betri iko sakafuni na gari liko chini.

Dereva wa usiku

Hili futa. Gari lilale na kula saa ngapi kama usiku linapiga Bolt na mchana linazunguka na wewe? Kilomita 70 zako ukiongeza 150 za dereva, umevuka uwezo wa betri iliyokwisha tumika, na asubuhi utakabidhiwa gari tupu. Nairobi walikuwepo NopeaRide, walioanza teksi za Leaf mwaka 2018 wakiwa na vituo vyao wenyewe vya kuchajia, na mwishoni mwa 2022 wakafunga. Wenye vituo vyao biashara iliwashinda kubeba, sembuse wewe mwenye soketi moja. Kama una hamu ya kuingiza kipato kwa umeme, mwakani ukikaa sawa tazama bajaji za umeme, mtaji wake ni mdogo na soketi inazitosha.

Mama watoto

Unasema hujamwambia kwa sababu ataogopa. Ana haki ya kuogopa. Yeye ndiye anayeshinda ndani na huyo mtoto anayefungua kila droo. Mke akiikuta bastola mwenyewe kwenye nguo zako, hutakuwa na neno la kusema, na akiikuta mtoto ndiyo zaidi. Mwambie leo kuhusu uvamizi wa Manzese, kama hujamwambia, na kuhusu mpango wa gari. Huenda ana ndugu anayekaa jirani na fremu, huenda ana wazo la kufunga mapema ambalo wewe unaliona hasara. Na kabla ya yote mtengee fedha za kujifungua. Hizo hazihesabiki kwenye milioni 30.

Fanya hivi

Gari la umeme, ndiyo, kwa masharti: la kilowati-saa 40, betri imepimwa, laini ya Kimara imevutwa na kujaribiwa kabla gari halijapanda meli. IST usiiuze mpaka umemaliza mwezi mzima na hilo jipya bila kukwama. Bastola, hapana, mpaka mtoto awe mkubwa na uwe na nyumba yako yenye ukuta wako. Hapo ukiona bado unaihitaji, nenda polisi kwa mlango wa mbele. Mkoba, kuanzia kesho saa tisa alasiri.

Na rafiki yako wa Houston mpigie usiku huu, kwa sauti, usimwandikie ujumbe. Mwambie asipakie kitu.